Na Weye, Uko na Kontra?

Leo sileti habari ya mtu mwingine peke yake. Naleta habari ya watu kumi na mmoja waliotumika bila kulipwa hapa Goma, na nyuma ya habari yao naleta ya kwangu. Niliogopa kuiandika. Lakini kuna mtu aliniuliza swali mbele ya mji mzima, na mimi nikaliruka. Tangu siku ile silali vizuri.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka 2023. Tulifanya kipindi cha saa moja juu ya sheria ya kazi. Tulialika inspekta wa kazi, mzee mpole mwenye kutembea na kitabu chake cha Code du travail kilichochakaa mpaka kimeshonwa na uzi. Tulifungua laini ya simu, na SMS zikaanza kuingia. Sentineli mmoja anauliza kama kulala kazini kila usiku bila siku ya kupumzika ni haki. Mama mmoja wa kazi ya nyumbani anauliza kama mimba ni sababu ya kufukuzwa. Nilikuwa nazisoma moja moja, inspekta anajibu. Halafu ikaja hii: « Mutangazaji, aksanti kwa kipindi. Na weye, uko na kontra? »

Niliiona. Niliiruka nikasoma iliyofuata. Mwenzangu wa mitambo aliniangalia kupitia kioo. Inspekta naye alikuwa ameiona kwenye simu, sababu tulikuwa tunaitazama pamoja. Hakusema kitu.

Lakini nianze pale habari ilipoanzia.

Siku 36

Mwisho wa mwezi wa nane, papa mmoja alikuja kwenye mlango wa redio asubuhi sana. Alikuwa ametembea toka Kanyaruchinya. Nitamwita Papa wa Rugari, sababu huko ndiko alikotoka na familia yake vita ilipowafukuza. Rugari alikuwa na shamba la maharagi na mbuzi. Hapa Goma alikuwa na bashe moja na watoto sita.

Aliniambia hivi: « Bwana mutangazaji, tulitumika juma sita kwa shantie ya nyumba ya gorofa. Tuko watu kumi na moja, na ba mama bane ndani. Batulipa juma ya kwanza tu. Kila siku banatuambia mutakuya kesho. Tunataka museme kwa redio. »

Nilimuuliza maswali yetu ya kila siku. Kazi gani? Kubeba mawe na mchanga, kuchota maji kwa bidon, kuchanganya beto. Mapatano? 5.000 FC kwa siku, kulipwa kila siku ya posho. Siku ngapi kwa juma? Sita. Mliandikisha wapi? Kapita alikuwa na kaye ya pwentaje, anaita majina asubuhi na jioni. Na ninyi mna karatasi gani? Hakuna.

Hesabu ni rahisi. Juma sita mara siku sita ni siku 36. Siku sita zililipwa, yaani 30.000 FC. Zikabaki siku 30, yaani 150.000 FC kwa kila mtu. Kwa watu kumi na mmoja ni 1.650.000 FC. Kwa mwenye kujenga gorofa pengine ni bei ya milango. Kwa mtu wa kambini, wakati ule 150.000 ilikuwa fufu ya mwezi, ilikuwa dawa ya mtoto, ilikuwa bashe jipya kabla ya mvua za mwezi wa kumi.

Nilienda kwenye shantie na kinasa sauti changu. Kapita hakukataa kwamba walitumika. Alisema tu: « Hawa ni ba deplase. Ni jurnalie. Sheria ya kazi haibaangalie. Na kama hawataki, beko wengine mia kule kambini banasubiri na 3.000. »

Neno hilo la mwisho lilikuwa la kweli, na linaniumiza kuliko yale mengine. Nimelisikia pia kwa wenyeji wa Majengo na Mugunga, lakini kwa upande mwingine: « Wakimbizi wameangusha bei ya kazi. » Mimi nasema hapana. Mwenye njaa haangushi bei. Anayeangusha bei ni yule anayejua kwamba mwenye njaa hatarudi kudai. Leo analipa mkimbizi 3.000, kesho atamwambia mwenyeji: chukua 3.000 ao ondoka. Haki ya mmoja ikivunjika, ya mwingine imeshapasuka.

Inspekta anafungua kitabu

Nilimpeleka Papa wa Rugari kwa inspekta. Kusema kweli, nilienda kutafuta sauti ya kuweka kwenye habari yangu. Nilitaka dakika mbili. Tulikaa pale mpaka saa sita mchana, na nilijifunza mambo ambayo sikufundishwa kwenye masomo ya uandishi wa habari.

Kwanza alisoma artikli ya kwanza ya Code du travail, ile sheria numero 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002. Inasema sheria hii ni ya wafanyakazi wote na wakubwa wote wa kazi katika nchi yetu, bila kuangalia kabila, jinsia, dini, hata uraia, wala aina ya kazi, wala kiasi cha mshahara. Waliowekwa kando ni watu kama mahakimu, maajenti wa Serikali, jeshi na polisi, sababu wao wana sheria zao. « Sasa nionyesheni, » inspekta akasema, « mahali imeandikwa kwamba aliyekimbia vita haimo. » Papa wa Rugari alimwangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

Pili, alieleza jambo ambalo naomba kila jurnalie alishike kichwani kama namba ya simu ya mama yake. Ni artikli ya 40. Mtu anayetumika siku kwa siku, akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na wakamchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, huyo si jurnalie tena. Sheria inamhesabu kuwa mtu mwenye kontra isiyo na mwisho, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa. Watu wetu walifanya siku 36. Toka siku ya 23 walikuwa wafanyakazi kamili, nao hawakujua. Na mtu wa namna hiyo hafukuzwi kwa kuambiwa « usirudi kesho ». Lazima kuwe na sababu halali, na kuwe na preavi: siku 14 za kazi kwa uchache, na kila mwaka mzima aliotumika unaongeza siku saba.

Tatu, bei. Mwaka 2018 Serikali iliweka mshahara wa chini, ule unaoitwa SMIG, kuwa 7.075 FC kwa siku kwa mfanyakazi wa kawaida asiye na ufundi. Wakati ule ilikuwa zaidi ya dola nne. Mwaka 2023, kwa bei ya franka mjini, ilikuwa haifiki dola tatu. Hata hivyo 5.000 ilikuwa chini yake. Inspekta alichukua kalkuleta: 7.075 mara 36 ni 254.700. Toa 30.000 zilizolipwa, zinabaki 224.700 kwa kila mtu. Papa wa Rugari aliomba arudie hesabu mara mbili.

Nne, na hapo ndipo nilianza kujisikia vibaya kwenye kiti changu. Inspekta aliuliza: « Mna ushahidi gani? » Papa alinyamaza. Mimi nikasema hawana kontra ya maandishi. Inspekta akatikisa kichwa. Kuandika kontra ni kazi ya mkubwa wa kazi. Akikosa kuiandika, mfanyakazi ana ruhusa ya kuthibitisha kwa njia nyingine: mashahidi, picha, ujumbe wa simu, chochote cha kweli. « Kukosa karatasi ni kosa la patro, » akasema. « Msimbebee kosa lake. »

Mimi nina miaka karibu kumi katika redio bila karatasi. Siku zote nilidhani aibu ni yangu.

Kaye ya mtoto

Tulirudi kambini kutafuta ushahidi. Watu wengi walisema hawana kitu. Halafu mama mmoja, nitamwita Mama wa Kibumba, aliingia kwenye bashe lake akatoka na kaye ya shule ya mtoto wake. Kwenye kurasa za nyuma alikuwa amepiga mistari kwa kalamu, mstari mmoja kwa kila siku ya kazi, na kila siku ya sita mstari mrefu wa kulala. Ilikuwa mistari 36. Mama hasomi wala haandiki. Aliniambia alianza kufanya hivyo Kibumba, akihesabu magunia ya viazi aliyobebea watu, sababu siku moja walimdanganya gunia mbili.

Kijana mmoja, mtoto wa ndugu yake, alikuwa na simu ndogo yenye kamera. Siku moja kapita alipoacha kaye ya pwentaje juu ya mawe, alipiga picha ya ukurasa ule. Haikuwa safi, lakini majina saba kati ya kumi na moja yalisomeka.

Kwa vitu hivyo viwili, mistari ya kalamu na picha isiyo safi, faili ilifunguliwa. Waliandika barua ya madai, wakaisaini, wengine kwa kidole. Inspekta akamwita mwenye shantie.

Hapa nieleze kidogo, sababu wengi mnaniuliza kwa nini watu hawaendi moja kwa moja kwenye tribunali. Sheria inasema kesi ya kazi haipokelewi na tribunali kama haijapita kwanza kwa inspekta wa kazi kwa mapatano. Wakielewana, inaandikwa prose-verbali ya mapatano. Wakikosa kuelewana, inaandikwa prose-verbali ya kutopatana, na hiyo karatasi ndiyo ufunguo wa mlango wa tribunali. Mahali ambapo tribunali ya kazi haijawekwa bado, kesi inaenda kwa tribunali kubwa ya kawaida. Wengine wanasema état de siège iliyotangazwa mwaka 2021 iliondoa mambo hayo. Hapana. Kilichohamishiwa kwa mahakama za kijeshi ni kesi za penali. Deni la mshahara halikuhamishwa.

Mara ya kwanza patro hakuja. Alitumwa mwaliko wa pili. Akaja, amevaa suti, na mpwa wake nyuma. Alisema alishampa kapita feza yote, na kapita akala. Kapita akasema patro alimpa nusu. Walianza kugombana wao wawili mbele yetu. Inspekta aliwaacha kidogo, kisha akasema polepole: « Hiyo ni habari yenu wawili. Hawa walijenga nyumba ya nani? »

Patro akanyamaza. Sikumchukia. Alieleza kwamba naye anadaiwa sima, kwamba mteja wake amekwama, kwamba njia ya Rutshuru kufungwa kumepandisha bei ya mbao. Huenda ni kweli. Lakini Mama wa Kibumba alijibu neno moja ambalo nililinasa na mtalisikia siku moja: « Papa, deni yako ya sima, ni mimi niliibeba na kichwa. »

Walielewana 180.000 FC kwa kila mtu: nusu siku ile, nusu mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Mtasema ni chini ya 224.700, na mtakuwa na haki. Mimi pia nilimuuliza Papa wa Rugari kwa nini alikubali, wakati sheria iko upande wake. Alinijibu kwamba tribunali ni miezi, na yeye hajui kama mwezi ujao atakuwa Goma ao ameshakimbia tena. Mtu ambaye hana uhakika wa kulala mahali pamoja hawezi kungojea hukumu. Sheria inadhani mfanyakazi ana anwani.

Nusu ya pili ilikuja tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili, kwa kuchelewa, lakini ilikuja. Watu tisa walihesabu feza yao mbele ya inspekta. Wa kumi alikuwa amehamia Bukavu, alitumiwa kwa simu. Wa kumi na moja ni yule kijana aliyepiga picha ya pwentaje. Katikati ya mwezi wa kumi alirudi upande wa Kibumba kutafuta viazi kwenye shamba lao, na mpaka leo hatujasikia habari yake. Sehemu yake, 180.000 FC, imeandikwa kwenye prose-verbali kwa jina lake. Mama wa Kibumba amekataa kuichukua. Anasema mwenyewe atakuja kuisaini.

Na mimi

Sasa nirudi kwenye ile SMS.

Niliingia kwenye redio baada ya masomo yangu ya uandishi wa habari, kama staji ya miezi mitatu. Staji ile haikuisha rasmi mpaka leo. Nilipewa vipindi, nilipewa kinasa sauti, watu mjini wakajua sauti yangu, watoto wangu wakaitwa « ba mtoto wa redio ». Kontra sikupewa. Nilipewa kitu tunachokiita primu, kikiwepo. Kukiwa na mradi wa wafadhili, tunapata dola mia kwa mwezi. Mradi ukiisha, tunaishi kwa kupaje, ile feza kidogo ambayo wanaotualika kwenye mikutano yao wanatia kwenye bahasha ili habari yao ipite. Kila mwandishi wa hapa kwetu anaijua. Ndiyo sababu mnasikia habari nyingi za mikutano ya hoteli na chache za wabeba mawe. Mbeba mawe hana bahasha. Mwandishi asiyelipwa hawezi kuwa huru, hata akiwa na moyo mzuri namna gani. Naandika hivyo nikijihukumu mwenyewe.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, mimi sikulala. Siku chache baadaye walipotuambia tuondoke mjini, nilikimbilia Sake na familia, na toka kule niliendelea kutuma habari kwa simu: njia gani iko wazi, maji yako wapi, watoto gani wametafutwa na wazazi. Watu wengi wananiambia mpaka leo kwamba waliwapata watoto wao kwa sababu ya redio. Nafurahi. Lakini toka mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja mwaka ule hatukulipwa hata makuta. Dola 600. Directeur alisema: « Vumilieni, ni volkano. » Tulivumilia. Nani angedai mshahara wakati watu wamepoteza nyumba zao chini ya mawe ya moto? Niliona ni aibu kudai. Sikuandika barua. Sikuuliza hata kwa mdomo.

Basi siku ile kwa inspekta, Papa wa Rugari alipotoka nje, nilimuuliza polepole, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya rafiki: « Na kama deni ni la 2021? » Alivua miwani. Aliniambia madai mengine ya kontra ya kazi yana miaka mitatu, lakini madai ya mshahara yana mwaka mmoja tu, kuhesabu toka siku mshahara ulipopaswa kulipwa. Mwaka ukipita bila kitu kilichoukatiza, mlango unafungwa. Na kinachoukatiza ni nini? Kwenda tribunali. Ao kudai mbele ya inspekta wa kazi. Ao karatasi ya hesabu ambayo ninyi wawili mmekubali deni linalobaki. Ao barua ya madai kwa mkubwa wako, iliyopelekwa kwa posta na uthibitisho, ao iliyotolewa mkono kwa mkono naye akasaini kwamba amepokea.

Kuvumilia hakumo kwenye orodha.

Nilihesabu kwenye moto nikirudi nyumbani. Mshahara wa mwezi wa sita 2021 ulikufa mwezi wa saba 2022. Wa mwezi wa kumi na moja ulikufa mwisho wa 2022. Dola zangu 600 zilikuwa zimezikwa kabla sijajua kwamba zina siku ya kufa. Karatasi moja tu yenye sahihi na tarehe ingaliziokoa, ile tunayoiita akize. Mimi, mtu wa kalamu, sikuwa na hata mstari mmoja. Mama wa Kibumba asiyejua kusoma alikuwa na mistari 36.

Barua yangu

Katika mwaka wa 2023 pia kulikuwa na miezi minne hatukulipwa. Hiyo ilikuwa bado hai. Mwezi wa kumi niliandika barua. Ni fupi: jina langu, kazi ninayofanya, tangu lini, miezi inayodaiwa, jumla, tarehe. Nilitoa kopi mbili. Sikusema neno baya hata moja, sababu directeur wetu ni mtu aliyenifundisha kazi, na najua redio haina mgodi wa dhahabu nyuma ya nyumba.

Nilipomwekea barua mezani, aliisoma, akaniangalia muda mrefu. « Weye pia? » akasema. Hakusaini siku ile. Wenzangu wawili waliacha kunisalimia. Mmoja aliniambia nje: « Utafunga redio yetu. » Mke wangu aliniuliza tutakula nini wakinifukuza. Nilimsomea artikli ya 62: kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka si sababu halali ya kumfukuza mfanyakazi. Akanijibu: « Artikli inapikwa na mafuta gani? » Sikuwa na jibu. Nawaambia ukweli ili msidhani kwamba kudai haki ni jambo la kusoma kitabu na kusimama wima. Linatetemesha magoti.

Siku ya tatu directeur aliniita. Alikuwa amesaini kopi yangu, na tarehe, na muhuri. Alisema: « Sina feza leo. Lakini siwezi kukataa kwamba ulitumika. » Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta. Karatasi ile haijanilipa hata makuta moja mpaka leo. Lakini imesimamisha saa. Na wale wenzangu wawili, mmoja ameniomba nimsaidie kuandika yake.

Wengine watasema sheria hizi ni za Kinshasa, ni za Wazungu, hazituhusu. Ndugu zangu, wazee wetu walizilipia. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, kule Élisabethville tunayoiita leo Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi kuomba waongezwe mshahara. Tarehe 9 wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wa wakoloni wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa. Walikuwa wanaomba kitu kile kile Papa wa Rugari alichokuja kuomba kwenye mlango wetu. Leo sisi hatuombwi damu. Tunaombwa kalamu.

Basi nawaachia mambo haya, na muwasomee wale wasiosoma.

Hesabu siku zako. Kwenye kaye, kwenye ukuta, kwenye kalenda ya parokia, popote. Andika jina la shantie na la kapita. Siku ya 22 iwekee alama.

Shika ushahidi: picha ya pwentaje, SMS ya « mutakuya kesho », majina ya wenzako wawili waliokuona.

Usivumilie kwa mdomo mtupu. Mwezi mmoja ukipita bila malipo, andika barua, toa kopi mbili, omba sahihi na tarehe kwenye kopi yako. Kama hujui kuandika, njoo redioni ao nenda kwa mwalimu. Akikataa kusaini, peleka madai yako moja kwa moja kwa inspekta wa kazi. Mimi na wale kumi na mmoja hatukuombwa feza pale.

Na kumbuka: mshahara una mwaka mmoja. Baada ya hapo hata inspekta mpole mwenye kitabu kilichoshonwa hawezi kukusaidia.

Ninaye msikilizaji mmoja ambaye sijui jina lake wala sura yake. Namba yake nimeiweka. Juma lililopita, mwanzoni mwa kipindi, niliisoma SMS yake hewani, ile niliyoiruka mwezi wa tisa. Nikajibu: hapana, sina kontra, lakini nina akize. Mwenzangu wa mitambo alicheka. Halafu tukaendelea na habari za njia na maji.